Miaka ya Kusubiri: Kutoka Ziwa Albert hadi Chongoleani

Mkulima wa Kagera anapopanda mbuni, hatarajii kuchuma kahawa kabla ya mwaka wa tatu. Ni zao la mtu mwenye hakika kwamba miaka mitatu baadaye shamba litakuwa bado lake. Kati ya 2018 na 2019 hakika hiyo iliondoka katika vijiji vingi vya Uganda na Tanzania, kabla hata ya tingatinga la kwanza kuwasha injini.

Walifika kwanza wapimaji na wathamini. Walihesabu migomba, mibuni, miembe na makaburi, wakapima nyumba na vyoo, wakawapiga picha wenye mali wakiwa wamesimama mbele ya milango yao. Kisha ikatangazwa tarehe ya ukomo. Tangu siku hiyo, mwenye shamba lililoangukia kwenye mkuza wa bomba la kupeleka mafuta ghafi ya Uganda hadi pwani ya Tanzania alielezwa kwamba anaweza kupanda maharage, mahindi au viazi, yaani mazao ya msimu mmoja. Akipanda mti wa kudumu au akiongeza chumba, hakitaingia kwenye hesabu ya fidia. Asubiri alipwe.

Wengi walisubiri miaka. Mnamo Julai 2023 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu hali ya upande wa Uganda: fidia zilizochelewa, malipo yasiyotosha kununua ardhi ya ukubwa uleule, familia zilizozama kwenye madeni, watoto walioacha shule kwa kukosa ada. Kaya zilizoguswa na bomba hilo katika nchi mbili zinazidi 13,000, na nyingi zaidi ziko Tanzania. Mradi una majina marefu na vifupisho vingi, lakini ukitaka kuielewa historia yake, fuata neno moja tu ambalo wanavijiji wameambiwa kila awamu: subirini.

Mafuta yenyewe hayakugunduliwa na kampuni. Kibiro ni kijiji kilichobanwa kati ya ukuta wa Bonde la Ufa na maji ya Ziwa Albert, upande wa Bunyoro. Kwa karne nyingi wanawake wa hapo wametengeneza chumvi kwenye ardhi inayolowana na chemchemi za maji moto, na jirani na chemchemi hizo mafuta huvuja yenyewe kutoka kwenye miamba. Wenyeji walikuwa wakiyaona kabla ya kuwako kwa serikali ya kikoloni. Katika miaka ya 1920, E. J. Wayland, mtaalamu wa miamba wa serikali hiyo, alizunguka kandokando ya ziwa akaorodhesha sehemu 52 ambazo mafuta yalijitokeza juu ya ardhi. Mwaka 1938 kisima cha kwanza kilichimbwa Waki, Buliisa. Vita vya Pili vya Dunia vikaingia, kazi ikasimama, na kwa zaidi ya miongo mitano Uganda ikabaki na dalili za mafuta bila pipa hata moja.

Msomaji aiweke Kibiro akilini. Joto linalochemsha maji yake lina sehemu yake mbele ya simulizi hii.

Makampuni yalirudi miaka ya 1990, na mwaka 2006 ikatangazwa kwamba mafuta ya kuuzika yamepatikana. Rais Yoweri Museveni aliongoza ibada ya taifa ya kumshukuru Mungu. Hesabu za baadaye zilikadiria mapipa bilioni 6.5 ardhini, na kati ya hayo bilioni 1.4 ndiyo yanayoweza kutolewa. Mwaka uliofuata tangazo hilo risasi zilisikika ziwani. Majeshi ya Uganda na Kongo yaligombania mpaka karibu na kisiwa kidogo cha Rukwanzi, na watu wakafa. Kisiwa hicho hakikuwa na mafuta yoyote yaliyokwisha kuchimbwa. Matumaini peke yake yalitosha kuleta bunduki.

Kipindi kilichofuata kinafaa kutazamwa kwa makini, maana ndipo inapoonekana kwamba kusubiri hakukuwa hasara kwa kila mtu. Mwaka 2010 kampuni ya Heritage iliuza sehemu yake kwa Tullow kwa dola bilioni 1.45. Serikali ya Uganda ilidai kodi ya zaidi ya dola milioni 400 kutokana na mauzo hayo, na mvutano huo ukafika hadi London. Mwaka 2012 Tullow ikauza theluthi mbili ya haki zake kwa Total ya Ufaransa na CNOOC ya China kwa dola bilioni 2.9. Mwaka 2020 Tullow iliondoka kabisa, ikimwachia Total kilichobaki kwa dola milioni 575. Leseni zilipita mkono mmoja hadi mwingine kwa mabilioni kabla ya pipa moja kusafirishwa nje. Aliyeshika karatasi alilipwa kwa kusubiri. Aliyeshika jembe hakulipwa.

Mwaka huohuo wa 2012, huko Kabaale, Hoima, ilianza kazi ya kutwaa kilomita za mraba 29 kwa ajili ya kiwanda cha kusafisha mafuta. Vijiji 13 vilihusika, na watu zaidi ya 7,000. Baadhi yao walichagua fedha taslimu. Wengine waliomba wapewe ardhi na nyumba mahali pengine, nao walikaa miaka katika kijiji kilichokwisha kuhamwa, majirani wameondoka na shule imefungwa, mpaka 2017 walipopelekwa Kyakaboga. Wakati huo wote kiwanda hakikujengwa. Mwekezaji mmoja aliondoka, mwingine akaja, na mnamo Machi 2025 serikali ikasaini mkataba na kampuni ya Dubai, Alpha MBM. Vijiji vya Kabaale vilihamishwa kwa dharura ambayo miaka kumi na mitatu baadaye ilikuwa bado haijafika.

Swali kubwa lilikuwa njia. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Yakipoa huganda, na ili yatiririke lazima bomba lipashwe joto la nyuzi 50 hivi, mchana na usiku, katika urefu wake wote. Kwa muda ilionekana yangepita Kenya, yaungane na mafuta ya Lokichar yaliyogunduliwa Turkana mwaka 2012 na kutokea Lamu. Mnamo Aprili 2016 Uganda ikatangaza kwamba imechagua Tanzania. Hofu ya mashambulizi karibu na mpaka wa Somalia ilitajwa, gharama za ardhi Kenya zilitajwa, na Tanzania ilikuja na ofa nzito: misamaha ya kodi na bei ya kupitisha mafuta ya dola 12.20 kwa pipa.

Ndivyo lilivyozaliwa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Linaingia Kagera, linapita Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma na Manyara, linaishia rasi ya Chongoleani, kaskazini kidogo ya mji wa Tanga. Theluthi moja ya safari yake iko ndani ya bonde la Ziwa Viktoria, katika nchi ambayo Bukoba yake ilitikiswa na tetemeko la Septemba 2016 lililoacha nyumba zenye nyufa. Mwishoni ipo bahari ya wavuvi. Jirani na hapo, mwaka 2009, Tanzania ilianzisha hifadhi maalumu kwa ajili ya silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu waliwahi kuamini ametoweka duniani. Serikali moja ilimtambua samaki huyo kuwa hazina, na serikali hiyohiyo ikachagua pwani ya Tanga kuwa mlango wa meli za mafuta.

Tarehe 5 Agosti 2017 Rais John Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani. Mafuta ya kwanza yaliahidiwa mwaka 2020. Baadaye yakaahidiwa 2025. Baadaye 2026.

Mwezi wa Mei 2021 ulileta siku mbili zinazopaswa kusomwa pamoja. Tarehe 18, Shirika la Kimataifa la Nishati, ambalo lilianzishwa miaka ya 1970 na nchi tajiri ili kulinda upatikanaji wa mafuta yao, lilitoa ripoti kuhusu njia ya kuizuia dunia isivuke nyuzi 1.5 za ongezeko la joto. Katika njia hiyo, ilisema ripoti, hakuna haja ya maeneo mapya ya uchimbaji wa mafuta na gesi zaidi ya yale yaliyokwisha kuidhinishwa mwaka huo. Maneno hayo hayakutoka kwa wanaharakati. Yalitoka kwa wakala wa wanunuzi wakubwa wa mafuta duniani. Tarehe 20, siku mbili baadaye, Dar es Salaam, Tanzania ilisaini makubaliano yake na mradi wa bomba. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji wa Total na CNOOC haukuwa umefanyika. Ulifanyika tarehe 1 Februari 2022, Kampala, kwa kiasi kinachozidi dola bilioni 10 kwa visima na bomba. Kwa kipimo cha ripoti ile, mafuta ya Ziwa Albert yalichelewa. Yalikuja baada ya mlango kufungwa.

Taasisi ya Climate Accountability Institute ya Marekani ilikokotoa mwaka 2022 kwamba mafuta yatakayopita kwenye bomba hilo kwa miaka 25, tangu kuchimbwa hadi kuchomwa kwenye injini na viwanda vya nchi za mbali, yatatoa tani milioni 379 za hewa ukaa. Wananchi wa Tanga au Buliisa hawatayachoma. Yamekusudiwa kuuzwa nje.

Waliolipinga bomba hawakuanzia Paris wala Brussels, kama inavyosemwa mara nyingi majukwaani. Walianzia Hoima na Buliisa. Shirika la AFIEGO la Uganda, chini ya wakili Dickens Kamugisha, lilikuwa mahakamani na wakazi wa Kabaale tangu 2014, miaka mingi kabla ya kampeni ya kimataifa kupata jina. Mwaka 2019 AFIEGO na mashirika mengine ya Uganda yaliungana na wenzao wa Ufaransa kuishtaki Total nchini Ufaransa, yakitumia sheria ya 2017 inayozitaka kampuni kubwa za Kifaransa ziwajibike kwa madhara ya shughuli zao popote duniani. Mnamo Februari 2023 mahakama ilikataa kesi hiyo kwa sababu za utaratibu, bila kuingia kwenye kiini chake. Miezi minne baadaye Waganda 26 walirudi na kesi mpya ya kudai fidia.

Arusha, katika Mahakama ya Afrika Mashariki, mashirika manne ya Uganda, Kenya na Tanzania yalifungua shauri mnamo Novemba 2020. Baada ya miaka mitatu, tarehe 29 Novemba 2023, mahakama ilitamka kwamba walikuja wakiwa wamechelewa: walipaswa kushtaki ndani ya miezi miwili tangu walipojua kuhusu makubaliano wanayoyapinga. Mkulima aliyekuwa akisubiri fidia tangu uthamini wa 2018 na 2019 hakuwa na miezi miwili ya kwake ya kuidai serikali.

Mahakama zinaweza kukimbia zikitaka. Desemba 2023 serikali ya Uganda ilizishtaki kaya 42 za Buliisa zilizokuwa zimekataa kiwango cha fidia. Ndani ya siku chache Mahakama Kuu ya Hoima iliruhusu fedha zao ziwekwe mahakamani na wao waondolewe.

Barabarani hali ilikuwa ngumu zaidi. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuikosoa miradi hiyo kwa sababu ya haki za binadamu na mazingira. Museveni alijibu kwa hasira kwamba Total ikiyumba atatafuta mwingine. Tarehe 4 Oktoba wanafunzi tisa wa Kampala walitoka kwenda kwenye ofisi ya Umoja wa Ulaya kuunga mkono azimio hilo. Walikamatwa, wakapelekwa gereza la Luzira. Miaka iliyofuata maandamano ya namna hiyo yalirudiwa mara nyingi, na kila mara vijana walipakiwa kwenye magari ya polisi. Vanessa Nakate, kijana wa Kampala aliyeanza kwa kusimama na bango barabarani, aliipeleka hoja yao kwenye mikutano ya dunia.

Hoja ya serikali zetu ina uzito na haifai kupuuzwa. Ulaya ilijenga hospitali na reli kwa makaa na mafuta, na bado inachimba. Norway inaendelea kutafuta visima vipya. Uingereza iliidhinisha uwanja wa Rosebank Septemba 2023, mpaka mahakama ya Scotland ilipoubatilisha uamuzi huo Januari 2025. Mzungu anayemwambia Mtanzania aache mafuta yake ardhini, huku kwake akichimba, hana mizani ya kupimia haki ya mtu mwingine. Lakini tazama nani anamiliki bomba. TotalEnergies ya Ufaransa, ndiyo ile Total, ina asilimia 62, CNOOC ya China 8. Mashirika ya mafuta ya serikali, TPDC la Tanzania na UNOC la Uganda, kila moja lina 15. Anayesema mafuta haya ni ya Afrika na anayekataa Wazungu kutuamulia, ajiulize kwa nini sauti kubwa kwenye kikao cha wanahisa inatoka Paris.

Fedha nazo zina simulizi yao. Kampeni ya kulisimamisha bomba ilikwenda benki moja baada ya nyingine, bima moja baada ya nyingine, na makampuni mengi makubwa yakakataa. Benki za Ufaransa zilijitoa, na Standard Chartered na HSBC pia. Gharama zilipanda kutoka dola bilioni 3.5 za mwanzo hadi zaidi ya bilioni 5. Wanahisa walilazimika kuweka mtaji zaidi kutoka mifukoni mwao, na mifuko miwili kati ya hiyo minne ni ya umma wa Tanzania na Uganda. Mkopo wa kwanza ulipatikana Machi 2025, kutoka Afreximbank, Standard Bank, Stanbic ya Uganda, KCB ya Uganda na taasisi moja ya kundi la Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Wakopeshaji wa mbali walipoikimbia hatari, ilibaki Afrika. Mahitaji ya mafuta yakishuka katika miaka ya 2030, kama baadhi ya wachambuzi wanavyotarajia, hasara itawakuta wananchi walewale waliokuwa wakisubiri faida.

Watanzania hawana haja ya kwenda mbali kujifunza. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ya Mnazi Bay 1982. Serikali ilipoamua kujenga bomba la kilomita 542 hadi Dar es Salaam, wananchi wa Mtwara walisema gesi haitoki. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya nishati ilipokuwa ikisomwa bungeni, mji uliwaka moto, watu wakapoteza maisha na askari wakajaa mitaani. Bomba lilikamilika 2015 na kwa miaka kadhaa gesi hiyo ilizalisha umeme mwingi wa nchi, faida ambayo ni ya kweli. Lakini walichokiuliza watu wa Mtwara, kwamba sisi tunapata nini na nani alituuliza, hakikujibiwa kwa mazungumzo. Kilijibiwa kwa bunduki.

Basi tufanye nini, maana watu wanahitaji nishati? Hapo ndipo Kibiro inaporudi.

Joto linalochemsha chemchemi za Kibiro ni joto la Bonde la Ufa, lile lile ambalo Kenya ilianza kuligeuza umeme Olkaria mwaka 1981. Leo mvuke wa ardhini ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha umeme wa Kenya, na karibu asilimia 90 ya umeme wote wa nchi hiyo unatokana na mvuke, maji, upepo na jua. Kibiro imo kwenye orodha ya maeneo ya Uganda yenye matumaini ya mvuke. Ufukwe uleule, mwamba uleule. Serikali ilikimbilia mafuta yanayovuja juu, na joto lililo chini likaachwa kwenye utafiti.

Umeme wenyewe, kwa sasa, si haba. Uganda ilizindua bwawa la Karuma, megawati 600, Septemba 2024. Tanzania ilikamilisha mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, megawati 2,115, mwaka 2025. Kinachokosekana ni nyaya za kuufikisha vijijini, bei ambayo kaya maskini inaimudu, na jiko la kuutumia. Familia nyingi ambazo bomba linapita uani mwao zinapikia kuni na mkaa. Bomba hilo litapashwa joto kwa umeme usiku kucha ili mafuta ya kuuza nje yasigande, na mama wa Nzega aliye mita mia mbili kutoka hapo atapuliza kuni zilizolowa mvua. Serikali ya Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lengo hilo ni jema, na haliwezi kutimizwa na mapipa yanayopakiwa melini Chongoleani.

Ethiopia, nchi maskini kuliko Kenya, ilipiga marufuku mwaka 2024 uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli, kwa sababu ilikuwa na umeme wa maji na haikuwa na dola za kununulia mafuta. Katika Nairobi na Kigali bodaboda za umeme zinabadilishiwa betri kando ya barabara. Afrika ina asilimia 60 ya maeneo bora duniani ya kuvuna jua na asilimia 1 tu ya mitambo ya jua iliyosimikwa. Septemba 2023 viongozi wa bara waliokutana Nairobi waliahidi kuongeza uwezo wa nishati jadidifu kutoka gigawati 56 hadi 300 ifikapo 2030. Ahadi hiyo inahitaji mitaji, na mitaji ndiyo iliyofukiwa chini ya mkuza.

Ila nishati safi nayo inaweza kumdhulumu mtu. Mwaka 2021 mahakama ya ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya shamba la upepo la Ziwa Turkana, megawati 310, zilitolewa kinyume cha sheria, kwa sababu wafugaji wa Marsabit hawakushirikishwa ipasavyo. Wamaasai wa Olkaria walihamishwa kupisha visima vya mvuke na wakalalamika hadi Benki ya Dunia. Mpito wa haki unapimwa kwa swali walilouliza watu wa Mtwara. Mtambo wa upepo ukipachikwa kwenye ardhi ya mfugaji bila idhini yake, umemwonea kama bomba lilivyomwonea mkulima wa mibuni.

Wakati haya yakiendelea, ng'ambo ya Ziwa Albert, Kongo nayo ilitamani mafuta. Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta, vingine vikiingia ndani ya Hifadhi ya Virunga, kwa sokwe wa milimani. Oktoba 2024 mnada ulifutwa kwa kukosa wanunuzi wa kuridhisha. Mwaka uliofuata ukatangazwa mwingine, wa vitalu 52. Huko Amerika ya Kusini wananchi wa Ecuador walikwenda tofauti. Agosti 2023, kwa kura ya maoni, asilimia 59 waliamua mafuta ya msitu wa Yasuní yaachwe ardhini, ingawa visima vilikuwa vimekwisha kuchimbwa na nchi yao inategemea mafuta. Walipigiwa hesabu ya fedha zitakazopotea, wakaisikiliza, wakapiga kura.

Afrika Mashariki haijawahi kupiga kura ya namna hiyo. Mwaka 2025 ulipokwisha, zaidi ya theluthi mbili za kazi ya bomba ilikuwa imekamilika: mabomba yaliyovikwa kihami joto katika kiwanda cha Sojo, Nzega, yalikuwa yamefukiwa Tabora na Singida, na gati la Chongoleani limeingia baharini. Bomba huenda likafanya kazi. Waliolipinga hawakulisimamisha, lakini bila wao hadithi ya Kabaale isingejulikana nje ya Hoima, na baadhi ya waguswa wa mradi wasingelipwa hata walicholipwa. Wanachodai sasa ni fidia kamili kwa waliobaki, kesi za wanafunzi zifutwe, na mapato yoyote yatakayopatikana yaende kwanza kwenye nyaya na majiko ya vijiji vilivyopitiwa na bomba.

Na yapo yanayokuja. Tanzania imetangaza nia ya kunadi vitalu vipya 26 vya mafuta na gesi. Ishirini na tatu viko Bahari ya Hindi. Vitatu viko Ziwa Tanganyika, ziwa ambalo maji yake yananywewa na kuvuliwa dagaa na migebuka na watu wa nchi nne, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Huko mthamini hajafika. Tarehe ya ukomo haijatangazwa, na mkulima wa Kigoma bado anaweza kupanda mchikichi akijua atauchuma mwenyewe. Wananchi wa Kigoma, Katavi na Rukwa waulizwe sasa, kwa mkutano wa hadhara na kwa kura, kabla mtu yeyote hajaja na daftari.